Amemaliza plaketi mbili za vidonge vya planingi (uzazi wa mpango), hajaruka hata siku moja, na mimba imeingia. Kosa liko wapi?

#1 mkunga_kadutu (Bukavu)
Jambo wote. Naleta kesi ya kituo, jina naliacha pembeni. Mama wa miaka 26, watoto wawili, mdogo ana miezi 14. Alichukua vidonge vya mchanganyiko: levonorgestrel mikrogramu 150 na ethinylestradiol mikrogramu 30. Plaketi ni ya 28, yaani 21 vya homoni na 7 vya kahawia vyenye chuma. Alianza siku ya 4 ya hedhi. Amemaliza plaketi mbili, na kwenye ya tatu amekunywa 12. Jumla ni siku 68. Anaapa kwamba hajaruka. Kipimo cha mkojo kimetoka chanya, ekografi (ultrasound) inasema wiki 9. Wanawake wa mtaa wake wameanza kusema vidonge ni maji matupu. Nataka tutafute sababu kabla maneno hayo hayajaenea Kadutu nzima.

#2 farmasi_birere (Goma)
Alisahau. Wote huapa.

#3 mama_kamalondo (Lushi, yaani Lubumbashi)
#2, usimhukumu mgonjwa ambaye hujamuona. Ukisoma karatasi ya wataalamu: kwa mwanamke asiyekosea hata mara moja, mimba ni chini ya 1 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Kwa namna watu wanavyokunywa kweli, ni kama 7 kwa 100. Kati ya namba hizo mbili kuna mambo mengi kuliko kusahau.

#4 dokta_ibanda (Bukavu)
Tuanze na tarehe, ndiyo zitatuongoza. Ekografi huhesabu kutoka hedhi ya mwisho, haihesabu kutoka siku ya kutunga. Wiki 9 ni siku 63, toa 14, mimba ilitungwa kama siku 49 zilizopita. Huyu yuko siku ya 68 ya vidonge, kwa hiyo ilitungwa karibu na kidonge cha 19 cha plaketi ya kwanza. Ekografi ya miezi ya kwanza huweza kukosea siku 5 hadi 7 kila upande, basi weka kati ya siku ya 12 na ya 26. Mambo mawili yanatoka hapo. Hakuja na mimba tayari tumboni. Na plaketi ya tatu haina kosa, hata kama ameichanganya.

Mkunga, swali: hiyo plaketi ya tatu unayo mkononi? Ni vidonge gani vimetoka?

#5 mkunga_kadutu
Ninayo. Nimeigeuza sasa hivi. Mstari wa kahawia uko wazi wote, mashimo 7. Kwenye homoni vimetoka 5, kuanzia pale penye mshale.

#6 dokta_ibanda
Ndiyo hapo. Anaanzia mkiani.

#7 farmasi_birere (Goma)
Basi kesi imekwisha, alikuwa anakunywa chuma.

#8 muganga_katuba (Lushi)
Haijakwisha, #7. Fikiria vizuri. Mtu anayeanza kila plaketi na vya kahawia anakunywa 7 vya chuma, 21 vya homoni, 7 vya chuma, 21 vya homoni. Ni mzunguko uleule, umesogea tu. Kinachoharibika ni wiki ya kwanza ya plaketi ya kwanza peke yake. Baada ya hapo analindwa kama mwingine yeyote.

Hatari kubwa ni yule anayebadili njia katikati: plaketi ya kwanza anaianza vizuri na kumalizia na kahawia, ya pili anaianzia kahawia. Hapo anapata siku 14 mfululizo bila homoni. Ovari inahitaji kama siku 7 bila homoni ili ianze kuamka na kukuza yai. Ukimpa 14, yai linatoka.

Kwa hiyo lazima tujue: plaketi ya kwanza aliianzia wapi?

#9 mkunga_kadutu
Plaketi mbili za kwanza ni tupu, haziwezi kusema. Yeye anasema "nilianza juu". Juu ni wapi, inategemea ameishikaje.

#10 dokta_ibanda
Tupime njia zote mbili kwa tarehe.

Njia A, plaketi ya kwanza ilianzia kahawia. Alianza siku ya 4 ya hedhi, siku saba za chuma, homoni ya kwanza imeingia siku ya 11 ya mzunguko. Wakati huo yai limekwisha kukua. Homoni huhitaji vidonge 7 mfululizo kabla ya kutegemewa, na hakutumia kapoti (kondomu) kwa sababu aliambiwa "ukianza ndani ya siku 5 za kwanza huhitaji kitu kingine". Maneno hayo ni kweli kwa anayeanza na homoni tu. Yai lingetoka kati ya kidonge cha 10 na cha 14. Leo ekografi ingesema karibu wiki 10. Tunayo 9. Inaingia, lakini ukingoni.

Njia B, ile ya siku 14. Siku bila homoni ni ya 22 hadi ya 35. Yai lingetoka karibu na siku ya 30 au zaidi. Ekografi ingesema wiki 7. Mimi hiyo naitoa.

#11 mama_kamalondo (Lushi)
Ekografi ilifanywa na nani, kwa mashine gani? Wiki 9 kwa kupima urefu wa mtoto kutoka kichwa hadi makalio naiamini. Wiki 9 kwa kupima mfuko tu siiamini sana.

#12 mkunga_kadutu
Urefu wa mtoto umeandikwa. Tuuamini.

#13 kijana_ruashi (Lushi)
Samahani wakubwa. Si alipata damu baada ya plaketi ya kwanza? Kama alipata, mimba haikuwepo.

#14 mkunga_kadutu
Alipata, kidogo, siku mbili.

#15 muganga_katuba (Lushi)
#13, damu ya siku za kahawia si hedhi kamili. Ni ngozi ya ndani ya kizazi kutoka kwa sababu homoni imekatwa. Mwenye mimba changa naye huweza kuona damu kidogo. Damu ndogo kuliko kawaida pamoja na shaka ya kukosea vidonge, pima mkojo, usihesabu matone.

#16 himbi_labo (Goma)
Mmekimbilia plaketi, hakuna aliyeuliza dawa nyingine. Alikunywa nini katika miezi hiyo?

#17 mkunga_kadutu
Kwenye daftari lake kuna dawa ya palu, yaani malaria (artemether-lumefantrine) siku 3 na amoxicillin siku 5, zote wakati wa plaketi ya kwanza.

#18 farmasi_birere (Goma)
Amoxicillin! Antibiotiki zinaua nguvu ya vidonge, kila mtu anajua.

#19 himbi_labo (Goma)
Kila mtu anajua vibaya, kaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka antibiotiki za kawaida kwenye kundi la 1, yaani hakuna kizuizi: amoxicillin, doxycycline, metronidazole, zote. Dawa ya palu hiyo pia mwongozo hauizuii, ingawa karatasi ya ndani ya boksi lake inashauri kuongeza kapoti. Shida ya antibiotiki huja kwa njia ya pembeni, zikileta kutapika au kuhara kukali.

Zinazovunja vidonge ni zile zinazolisukuma ini kusaga homoni haraka: rifampicin na rifabutin, na dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital. Phenobarbital ndiyo ya kuulizia sana huku kwetu, maana ni rahisi na wengi wanaimeza miaka. Lamotrigine ni kinyume: vidonge ndivyo vinavyoishusha, na mgonjwa anaanguka kifafa. Kwa dawa za virusi vya UKIMWI, dolutegravir haina shida. Efavirenz inaruhusiwa lakini inapunguza homoni kiasi, basi mtu asikose hata kimoja na aongeze kapoti.

Mkunga, rudi kwenye daftari, soma nyuma ya miezi hiyo.

#20 mkunga_kadutu
Nimesoma. Alimaliza matibabu ya kifua kikuu, miezi 6, siku 10 kabla ya kuanza vidonge. Nimekaa kimya kidogo mbele ya daftari.

#21 himbi_labo (Goma)
Rifampicin iko katika miezi yote 6: miwili ya dawa nne, minne ya rifampicin na isoniazid. Na ini halirudi kawaida siku ile unapotupa pakiti. Linachukua wiki 2, hata 4. Ndiyo maana tunasema baada ya rifampicin kumalizika, endelea na kapoti siku 28. Huyu kwa sehemu kubwa ya plaketi ya kwanza, hadi karibu kidonge cha 18, alikuwa anakunywa homoni ambayo ini linaikata nusu njia. Tarehe zinakaa vizuri zaidi kuliko njia A ya #10.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetaka planingi apewe sindano ya DMPA (ile ya miezi mitatu), rifampicin haiigusi. Kitanzi cha shaba pia.

#22 dokta_ibanda
Naikubali, lakini siifuti njia A. Zote mbili zinaweza kuwa pamoja: wiki ya kwanza chuma, wiki ya pili homoni dhaifu.

#23 farmasi_birere (Goma)
Sawa, amoxicillin naiondoa. Lakini bado mtu wa palu hutapika. Kidonge kikitapikwa?

#24 muganga_katuba (Lushi)
Akitapika ndani ya masaa 2 baada ya kumeza, anameza kingine cha homoni haraka. Karatasi nyingine zinasema masaa 3 au 4, mimi nawaambia 3, hakuna ubaya. Kingine anakitoa wapi? Mwisho wa plaketi hiyohiyo, kisha anaimaliza siku moja mapema na kupita kwenye kahawia kama kawaida. Akitapika au kuhara vikali zaidi ya siku 2, tunahesabu kama vidonge vilivyosahauliwa, hata kama amemeza kila siku. Kwa Goma na Bukavu, kipindupindu kinaporudi, jambo hili liandikwe kwenye karatasi anayopewa mama.

Na makaa ya dawa, yale meusi ya kuzuia kuhara: yanashika homoni tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Yamezwe angalau masaa 3 baada ya kidonge, na masaa 12 kabla ya kidonge kinachofuata.

#25 kijana_ruashi (Lushi)
Sasa mtu akisahau kweli? Kila muganga ana lake.

#26 mama_kamalondo (Lushi)
Kwa sababu kila karatasi ina lake. Iliyo ndani ya boksi: ukichelewa zaidi ya masaa 12, ongeza kapoti siku 7. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa: kimoja hakina neno, kuanzia viwili (masaa 48) ndiyo kapoti siku 7. Kitabu cha planingi cha Shirika la Afya Duniani: kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka, hatari ni ndogo sana, kuanzia vitatu mfululizo ndiyo kapoti siku 7.

Mimi nafundisha ya viwili.

#27 dokta_ibanda
Mimi ya vitatu, kwa hivi vya mikrogramu 30. Kwa vya mikrogramu 20, viwili tayari ni vingi. Ukimtisha mama kwa masaa 12 ataona vidonge ni mzigo na kuviacha kabisa, na huyo ndiye atakayepata mimba.

#28 muganga_katuba (Lushi)
Mnabishana kuhusu idadi, mimi nauliza kwanza ni vya wiki gani. Vidonge viwili vikikosekana katikati ya plaketi, baada ya vingine kumi, ovari imelala fofofo. Viwili hivyohivyo vikikosekana mwanzoni, mara baada ya kahawia, ni siku 9 bila homoni. Hapo namuunga mkono #26.

Utaratibu ninaouandika ukutani:

Ukikumbuka, meza kimoja mara hiyo. Cha leo unakimeza saa yake, hata kama ni viwili siku moja. Kama ni vingi umekosa, usivimeze vyote pamoja, utatapika bure.

Wiki ya 1: kapoti siku 7, na kama alilala na mwanaume ndani ya siku 5 zilizopita, dawa ya dharura ya kuzuia mimba.

Wiki ya 2: kapoti siku 7.

Wiki ya 3: maliza homoni zilizobaki, tupa kahawia zote, kesho yake anza plaketi mpya, kapoti siku 7. Damu haitakuja mwezi huo, na hilo halidhuru. Watu wengi wanaiogopa kuliko mimba yenyewe!

Kahawia ukizisahau, zitupe tu.

#29 kasumbalesa_dawa (Lushi)
Hapa mpakani tunaona kosa lingine. Mtu ana plaketi ya 28, zimekwisha dukani, ananunua ya 21 kutoka upande wa Zambia. Ya 21 haina kahawia: unamaliza, unapumzika siku 7, unaanza mpya siku ya 8. Aliyezoea 28 haijui hiyo ya kupumzika, anaunganisha. Hilo halina hatari. Kinyume chake ndiyo balaa: aliyezoea 21 akipewa 28, anamaliza zote pamoja na kahawia kisha anapumzika siku 7 nyingine. Siku 14 tena, zilezile za #8.

Na majina ya siku. Plaketi ya Kifaransa ina MA na ME zimekaa jirani, Jumanne na Jumatano. Macho yakiwa mazito saa mbili usiku na stima imekatwa, mtu anaruka shimo bila kujua. Mwambie afuate mishale kwa kidole, asisome herufi.

#30 mkunga_kadutu
#29, aksanti. Huyu alipata plaketi zote tatu kwetu, hizo za 21 hazimhusu.

#31 farmasi_birere (Goma)
Na joto? Plaketi zinazokaa juani mezani sokoni?

#32 himbi_labo (Goma)
Hazitakiwi kupita nyuzi 30. Plaketi iliyokatwa vipande vipande na mkasi, isiyo na tarehe ya kuisha wala namba ya toleo, isinunuliwe. Lakini zake zimetoka kituoni, toleo moja na wanawake wengine. Kama kosa ni la dawa, mkunga angepata mimba kadhaa, si moja.

#33 kijana_ruashi (Lushi)
Hiyo dawa ya dharura ya #28, je, mtu anaweza kutumia vidonge hivihivi? Nimesikia vinne.

#34 mama_kamalondo (Lushi)
Levonorgestrel miligramu 1.5, mara moja, haraka iwezekanavyo na ndani ya siku 5. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ikikosekana kabisa, vidonge vya mchanganyiko vya 30/150: vinne vya homoni, na vinne vingine baada ya masaa 12. Vinachefua sana na nguvu yake ni ndogo. Vya kahawia havihesabiwi! Akitapika ndani ya masaa 2, anarudia dozi. Kesho yake anarudi kwenye plaketi na kapoti siku 7.

#35 farmasi_birere (Goma)
Na Microlut vinne pia vinafaa.

#36 mama_kamalondo (Lushi)
Hapana! Microlut ina mikrogramu 30 tu za levonorgestrel na haina estrojeni. Kufika miligramu 1.5 unahitaji 50. Wewe leo, kaka wa Birere, #2 hadi #35 hujapumzika.

#37 farmasi_birere (Goma)
Hamsini. Nimeandika.

#38 dokta_ibanda
Kwa kuwa wauzaji wako hapa: kabla ya kumpa mtu plaketi ya kwanza, pima tansio (presha ya damu). 140/90 na zaidi, usimpe za mchanganyiko, mpeleke kituoni. 160/100, kamwe. Muulize kama amewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini. Kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na vimulimuli machoni: hapana, kwa umri wowote. Anayevuta sigara na amefika miaka 35: hapana. Aliyejifungua na ananyonyesha: ndani ya wiki 6 marufuku, na hadi miezi 6 tumia njia nyingine. Hata asiyenyonyesha anasubiri angalau siku 21, kwa ajili ya damu kuganda.

Na kila mmoja aondoke akijua dalili za kukimbia hospitali: maumivu makali ya kifua au kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kikali cha ghafla, macho kufifia, mwili kufa ganzi upande mmoja, maumivu makali ya tumbo, macho kuwa njano.

#39 kijana_ruashi (Lushi)
Kichefuchefu je, na damu ya matone?

#40 muganga_katuba (Lushi)
Kichefuchefu: ameze usiku na chakula. Matone ni ya kawaida miezi 3 ya kwanza, asiache. Kuacha kwa sababu ya matone ndiko kunakoleta matone zaidi, na mimba.

#41 mkunga_kadutu
Amerudi leo na mama mkwe wake. Nimempa plaketi mpya mkononi, nikamwambia anionyeshe alivyoanza ile ya kwanza. Ameigeuza mara mbili, kidole kimekwenda kwenye kahawia, halafu kwenye mshale. Hakumbuki. Mama mkwe anauliza kama mtoto ataharibika.

#42 dokta_ibanda
Mwambie aache vidonge leo. Vidonge vilivyomezwa mwanzoni mwa mimba bila kujua havijulikani kumdhuru mtoto. Aendelee na kliniki ya wajawazito kama wengine.

Mimi nabaki hapo: kahawia kwanza, rifampicin ikasaidia.

#43 himbi_labo (Goma)
Na mimi nasema rifampicin kwanza. Hata angeanza kwenye mshale, siku 10 zilikuwa chache mno. Kwenye fomu ya planingi kuna mstari unaouliza "unatumia dawa gani sasa?" Sasa! Alijibu kweli, hakuna. Ongezeni "na mwezi uliopita".

#44 mama_kamalondo (Lushi)
Na hakuna aliyethibitisha kwamba hakusahau wiki ya kwanza akafidia baadaye. Mashimo matupu hayasemi saa. Simlaumu, naliacha wazi.

#45 mkunga_kadutu
Aksanti wote. Mstari wa #43 nimeuandika kwa kalamu kwenye fomu zilizobaki. Na kuanzia kesho kidonge cha kwanza kinamezwa mbele yangu, kutoka kwenye plaketi yake mwenyewe. Swali moja: akishajifungua anataka kitu mapema, hataki kusubiri miezi 6.

#46 muganga_katuba (Lushi)
Kipandikizi kinawekwa hata kabla hajatoka maternité (wodi ya wazazi), ingawa ananyonyesha. Microlut vilevile, hapo ndipo mahali pake. Kitanzi ndani ya masaa 48, au asubiri wiki 4.

#47 farmasi_birere (Goma)
Microlut kimoja kwa siku, basi, si 50.

#48 muganga_katuba (Lushi)
Kimoja, saa ileile, na haina kahawia wala mapumziko. Plaketi ya 35 ikiisha, kesho yake nyingine.